Mbwa wa Shamba Naye Ana Kucha za Kukatwa

Najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watakunja uso waonapo kichwa hiki cha maneno, na huenda mwingine akasema, "Audhu billahi, leo limekuwa la mbwa!" Simlaumu. Mimi mwenyewe nimelelewa katika nyumba ambayo mbwa akichungulia mlangoni tu hutupiwa kiatu, kisha kizingiti kikamwagiwa maji. Lakini nawaomba mnivumilie, kwani jambo lenyewe lilinifika shambani kwa mjomba wangu, upande wa Msambweni, na tangu siku ile nimeona kuwa wengi wetu wa pwani tufugao mbwa wa ulinzi tumo katika kosa lile lile alilokuwa nalo mjomba, wala hatujui.

Mjomba ana shamba la minazi na mikorosho, na katikati hupanda mahindi na mihogo. Aujuaye upande ule hahitaji kusimuliwa habari za nyani. Nyani hawaji shambani kinyemelea kama mwizi, huja kama wenye mali. Huja kundi zima, madume mbele, wamama na watoto mgongoni nyuma, na kila mmoja avunja hindi, auma mara mbili, alitupa, avunja jingine. Ukipiga debe watakutazama. Akipiga debe mwanamke au mtoto, hawajisumbui hata kutazama. Dawa ya nyani ni mbwa, na ndiyo maana mjomba, mtu asiyekosa safu ya kwanza msikitini, amefuga mbwa miaka minane sasa. Jina lake Simba, kama walivyo nusu ya mbwa wa nchi hii.

Mwaka jana nilikwenda kumzuru wakati mahindi yamekomaa. Nilimkuta mjomba amekaa barazani, uso umemshuka. Nyani wameingia siku tatu mfululizo, na Simba amelala chini ya mwembe akiwatazama kama anayetazama gwaride.

"Mbwa huyu kwisha kazi yake," mjomba aliniambia. "Amezeeka. Yuko mtu Lungalunga ana mtoto wa mbwa, nitamleta huyo."

"Na Simba je?"

Mjomba hakunijibu, akaguna tu. Wajuao shamba wajua maana ya kuguna kule. Mbwa asiyekuwa na kazi haziki kanzu mtu.

Jioni nilimwangalia Simba akiinuka kwenda kula. Hakuwa akitembea kama mbwa mzee. Mbwa mzee hujikokota nyuma, kwenye nyonga. Huyu alikuwa akiuchechemea mguu wa mbele wa kushoto, akiuweka chini kama aukanyagisha juu ya kaa la moto. Na alipopita kwenye saruji ya kisimani nikasikia ta, ta, ta, kama mtu aliyevaa viatu vya msumari. Nikainama kutazama. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimepinda kama ndoana, hata vidole vimelazimika kulala upande. Na ule ukucha wa dole gumba, unaokaa juu kidogo kwa ndani ya mguu, ulikuwa umejikunja duara kamili na ncha yake imeingia katika nyama. Mahali hapo pamevimba, panatoka maji ya kunuka.

Nilimwita mjomba aje aone. Alisimama mbali, mikono nyuma, ameshika udhu wa Magharibi. "Nani atakayemshika?" akauliza. Na hapo ndipo palipokuwa na fundo lote la habari hii. Miaka minane Simba amelinda mahindi ya nyumba ile, na katika miaka minane hakuna aliyeinua mguu wake kuutazama.

Yataka nieleze kwanza kwa nini ukucha wa mbwa hufikia kuwa hivyo, kwani wengi hudhani mnyama hajali kucha, Mungu amemuumba azisuguwe mwenyewe. Ni kweli kwa mbwa koko wa Mombasa, azungukaye usiku kucha juu ya lami na mawe. Lakini mbwa wa shamba aghalabu hufungwa mchana chini ya mti, na ardhi yetu ya pwani ni mchanga mtupu. Mchanga hausugui ukucha. Na hata mbwa akimbiaye sana, ule ukucha wa dole gumba haugusi chini asilani, basi haupunguzwi na kitu. Hukua, ukipinda, mpaka urudi ulikotoka na kuingia ndani ya ngozi. Mbwa kwa kawaida ana kucha 18, tano tano miguu ya mbele na nne nne ya nyuma, na hizo mbili za pembeni ndizo zinazosahauliwa na ndizo zinazoumiza kuliko zote.

Kinachonishangaza ni kwamba hatuwi hivi kwa wanyama wengine. Mtu wa Lamu hataacha kwato za punda wake zirefuke kama makubadhi, maana ajua punda wa namna hiyo habebi mzigo, na tangu mwaka 1987 kiko kituo cha kutibu punda pale pale mjini. Paka tunamlaza mkekani. Hata sisi wenyewe, kukata kucha kumo katika mambo ya fitra, na tumefundishwa tangu chuoni kwamba zisipitishe siku arobaini. Mbwa peke yake ndiye tuliyemwekea ua kati yake na sisi, tukampa kazi ya usiku na makombo ya ugali, basi.

Usiku ule mazungumzo ya baraza hayakuwa na jingine. Jirani mmoja alisema mbwa ni najisi, na mwenye kumshika anajitafutia balaa. Mkaza mjomba akasema yeye hataki kuona ndoo yake wala kata yake ikikaribia kisa hicho. Mimi sikuwa na elimu ya kujibu. Bahati njema akatokea maalimu wa chuo cha pale, aliyekuwa akirudi kutoka Isha, tukamkaribisha kahawa na kumtupia suala hilo.

Maalimu alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba jirani amesema kweli, ila amesema nusu. Katika madhehebu yetu ya Kishafi mbwa ni najisi nzito, yeye mzima, si mate yake peke yake. Wamaliki wao humwona mbwa aliye hai kuwa ni tohara, nao ni Waislamu kama sisi, lakini tusihame madhehebu kwa sababu ya ukucha mmoja. Alichotaka tufahamu ni kwamba najisi haihami kutoka kikavu kwenda kikavu. Mkono mkavu ukishika mguu mkavu wa mbwa, hakuna cha kuosha. Palipo na majimaji, yakiwa mate, jasho la kiganja au damu, hapo ndipo huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo saba iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mkaza mjomba akauliza kutoka ndani, "Na sabuni je, maalimu?" Akajibiwa kuwa kwa kauli yenye nguvu zaidi, aliyoishika Imam Nawawi katika Minhaj, sabuni haichukui nafasi ya udongo. Udongo ni udongo.

"Na je," akaendelea maalimu, akimgeukia mjomba, "wewe umefuga mbwa kwa ruhusa gani?" Mjomba akasema kwa ajili ya shamba. "Vyema. Mbwa wa mazao, wa mifugo na wa kuwinda, hao wameruhusiwa kwa hadithi. Basi ukishamchukua kwa ruhusa hiyo, amekuwa ni mnyama uliye na dhamana naye. Chakula chake juu yako, na maumivu yake juu yako."

Kisha akatukumbusha tunayoyajua sote tangu utotoni, ingawa nadhani hatujapata kuyaunganisha na mbwa wa nje ya ua wetu: yule mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Maalimu alisema tusimpite haraka mbwa yule. Hakuwa mbwa wa kuwinda wala wa kulinda, hakuwa na mwenyewe. Alikuwa mbwa tu mwenye kiu. Na katika Sura ya al-Kahf, vijana wa pangoni wanatajwa na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Hakuingizwa ndani, lakini hakusahauliwa pia.

Niseme hapa kwa ufupi kuwa wanavyuoni wa kale hawakuona haya kumwandika mbwa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, katika Kitabu chake cha Wanyama ameweka mabishano marefu kati ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo. Na Ibn al-Marzuban wa Baghdad, katika karne iliyofuata, aliandika kitabu kizima kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi wa wavaao nguo. Niliposimulia habari za kitabu hicho barazani jirani alitazama kikoi chake, akanyamaza.

Kesho yake, baada ya Alasiri, kazi ikaanza, na nilianza vibaya. Nilichukua mkasi wa mkaza mjomba wa kukatia nguo (alikuwa hajui, na mpaka leo sijui kama amenisamehe). Mjomba alimshika Simba shingoni kwa gunia kavu. Ule ukucha uliozama niliukata katikati ya duara lake, kisha nikaitoa ncha kwa kibanio, taratibu, na Simba akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Tundu lilioshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Hapo ningalikoma. Lakini nilipoona nimefaulu nikaona na hizi nyingine nizimalize, nikaushika ukucha wa pili, nikakata kwa nguvu karibu na kidole.

Damu ikaruka. Simba akapiga kelele, mjomba akaruka upande wake kuinusuru kanzu, na mbwa akakimbilia minazini akiacha matone mchangani. Mkaza mjomba, aliyekuwa akitutazama dirishani kwa muda wote ule akisema hataki kuona, ndiye aliyetoka na shabu iliyotwangwa, ameiweka juu ya jani la mgomba, akaisukuma kwa kijiti mpaka ilipo miguu yangu. Shabu ile ile anayoitumia kinyozi. Tulipompata Simba niliibana ncha ya ukucha kwa kitambaa chenye shabu kwa dakika chache, damu ikakatika. Pasipo na shabu, unga mkavu wa mahindi nao wafaa.

Siku hiyo nilikoma, na Jumatatu nikashuka Ukunda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji, kijana mpole, alinionyesha mkasi mfupi wenye mdomo uliopinda, uliotengenezwa kwa kucha za mbwa, akanieleza kosa langu. Mkasi wa nguo, na vile vidude vya kukatia kucha za watu, huubana ukucha wa mbwa na kuupasua, kwa sababu ukucha wa mtu ni bapa na wa mbwa ni mviringo kama kipembe. Tena ndani ya kipembe kile mna kijinyama hai chenye damu na hisia. Katika ukucha mweupe utakiona kwa nje, chekundu chekundu, nawe utakata mbali nacho. Katika ukucha mweusi, kama wa Simba, hukioni, kwa hiyo hukatwi kwa pigo moja. Unapunguza kipande chembamba kama ganda la kitunguu, unatazama pale ulipokata. Pakiwa pakavu na peupe kama chokaa, ongeza kipande kingine. Ukianza kuona nukta nyeusi katikati, weka mkasi chini. Nukta ile ndiyo mlango wa nyama.

Na hapa pana jambo ambalo lingaliokoa damu ya Simba lau ningalilijua mapema. Ukucha unapoachwa mrefu kwa miaka, na kijinyama cha ndani nacho hurefuka pamoja nao. Basi huwezi kuurudisha ukucha wa miaka minane kuwa mfupi kwa siku moja. Unapunguza ncha kidogo, wangoja wiki, wapunguza tena, na kijinyama nacho hurudi nyuma polepole chenyewe. Baada ya hapo, kila wiki tatu au nne yatosha. Alama ya kujua ni mlio: mbwa akipita kwenye saruji na ukasikia ta ta ta, siku imefika.

Tuliporudia kazi tulikuwa watu wengine. Tulichagua alasiri ya jua, si asubuhi ya umande wala baada ya mvua, ili mbwa awe mkavu. Siku mbili kabla, kila nilipompa chakula niligusa miguu yake kwa kijiti, kisha kwa mkono uliovaa glavu, asione ajabu. Mdomo tulimfunga kwa utambaa mpana, kwa dakika chache tu, ili asiume na asilambe. Isizidi hapo, maana mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu, hupoza joto lake kwa kuhema, na ukimfunga mdomo muda mrefu katika joto letu hili waweza kumwua. Mjomba alikaa nyuma yake akimshika kifuani kwa gunia. Nilikunja mguu kwa uelekeo unaokunjika wenyewe, nikashika kidole kimoja baada ya kimoja, nikapunguza. Kucha nne siku ile, akapewa kichwa cha samaki, akaachiliwa. Mtu anayetaka kumaliza kucha 18 kwa mkao mmoja na mbwa asiyezoea, huyo hakati kucha, anapigana mieleka.

Vipande tulivikusanya juu ya karatasi na kuvifukia mbali na njia ya kisima. Mkasi ulikwisha pata maji maji ya kidonda, kwa hiyo uliingia katika ile saba pamoja na mikono yangu. Mkaza mjomba alitoa kopo la zamani la rangi na kusema hilo ndilo la mbwa, lisiingie jikoni hata siku ya kiama, na udongo akaniletea yeye mwenyewe, safi, kutoka nyuma ya kichuguu. Alihesabu kwa sauti. Nilipofika sita nikadhani nimemaliza, akaniambia, "Sita hiyo, mwanangu, usinidhulumu."

Kabla ya mtu yeyote kuthubutu haya, ajue kwanza kama mbwa wake amedungwa sindano ya kichaa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, lakini ugonjwa bado upo, na ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Ukiumwa au ukiparuzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Hapa sabuni ina nafasi yake. Na mbwa mwenye maumivu asipewe vidonge vya maumivu vya watu, vingine humharibu ini na figo. Kidonda cha Simba kilipozidi kutoa usaha tulimwita afisa wa mifugo, akampiga sindano, na katika majuma mawili kikawa kimefunga.

Mjomba hakwenda tena Lungalunga kwa yule mtoto wa mbwa. Siku ya mwisho ya likizo yangu, saa kumi na moja alfajiri, nilisikia mikorosho inatikisika, kisha mbweko mmoja, kisha kishindo cha wanyama wazito wakikimbilia porini. Mjomba alikuwa kwenye mswala. Alitoa salamu kulia na kushoto, akakaa kimya akisikiliza, hakusema neno.

Juma lililopita amenipigia simu. Aliniuliza hali, akaniuliza watoto, akazunguka kama kawaida yake katika habari za mvua na bei ya korosho. Nilipodhani anataka kuaga akakohoa.

"Ule mkasi wa Simba," akasema, "uliuweka wapi? Nimeanza kumsikia kisimani."